Huruma Ambayo Hakuwa Nayo

Tarehe 3 Machi

Kiherehere wangu,

Hujambo mjukuu wangu? Unakula? Usinijibu "ndiyo Bibi", niambie unakula nini. Mimi mzima. Magoti ndiyo yanalalamika, nayaambia yasubiri zamu yao kama wateja wengine.

Anayeandika ni Mshonaji, jirani yangu wa ukuta mmoja, maana kalamu na mimi hatujawahi kutambulishwa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Simu yangu usiipige. Iliingia kwenye beseni pamoja na mashuka ya hoteli, ikafuliwa, ikasuuzwa, nimeikuta wakati wa kukamua. Imetakata lakini haisemi. Na kwa simu ya mama yako sitaki, kwa sababu ukipiga simu ya mama yako unaongea na mama yako.

Mama yako hajambo, kazini amehamishiwa wodi ya wazazi na sauti imezidi kuwa ya kuamrisha. Anakuja kwangu Jumamosi. Mjomba wako naye hajambo, anakuja Jumapili. Mwaka wa nne huu hawasemezani. Yeye alimtengenezea dada yake friji, friji ikakaa siku mbili ikafa na chakula cha wageni ndani, dada mtu akamwita kaka yake fundi wa kubahatisha mbele ya wateja wa kaka mtu. Basi. Tangu hapo mimi napika Jumamosi, napika Jumapili, na habari moja naisimulia mara mbili, ya pili ikiwa imepoa. Nina viti sita. Sijawahi kuona viwili vya watoto wangu vimekaliwa siku moja.

Sasa niambie. Nimesikia ulicheza sataranji na binamu yako Taratibu, raundi ya mwisho. Mama yako anasema ulionewa. Mjomba wako anasema mwanawe alikuwa anaelekea kushinda. Mshonaji anasema mlitoka sare. Nani alishinda? Na usiniambie hakuna. Watu wawili mkae mezani tangu asubuhi mpaka jua linageuka, mnatazamana hamsemezani, halafu mwisho wake hakuna aliyeshinda? Hiyo mimi ninayo hapa kila wiki, bure, bila kombe.

Nijibu mapema.

Bibi yako

(Mshonaji naye anakusalimu.)


Tarehe 21 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole kwa simu. Zetu sisi zinafungiwa kwenye kabati la matroni mpaka Jumapili, kwa hiyo hata yako ingekuwa nzima ungeongea na kabati. Nakula. Mchana maharage, jioni maharage yale yale yakiwa yamechoka. Mimi mzima. Bwenini tumebadilishiwa vitanda, nimepata cha juu, kinalia nikigeuka, kwa hiyo sigeuki. Mwambie Mshonaji sketi imenitosha, ila mfuko wa kushoto hauna mwisho, nikitia kitu nakikuta kwenye soksi.

Kuhusu mchezo. Ilikuwa sare, Bibi. Nusu pointi kwake, nusu kwangu. Ningeshinda ningekuwa wa kwanza, na kombe ungetilia vibanio vyako vya nguo. Kwa ile nusu nimekuwa wa nne, na wanachukuliwa wanne kwenda kwenye mashindano makubwa ya Juni, kwa hiyo nimo, kwenye kiti cha mwisho. Taratibu ni wa tano. Ni mchezaji wa akiba.

Unauliza inawezekanaje. Mfalme wake alikuwa amebaki peke yake, hana hata askari mmoja. Mimi nilikuwa na malkia. Sheria inasema zamu ikiwa ya mwenzako, na mfalme wake hashambuliwi, lakini hana mahali pa kukanyaga, basi mchezo umekwisha hapo hapo na hakuna mshindi. Ndivyo ilivyokuwa.

Sipendi kuizungumzia zaidi ya hapo. Mwalimu wetu wa sataranji naye hapendi, salamu yangu anaiitikia kwa kuinua kikombe cha chai. Niseme tu kwamba binamu ni binamu, na tuyaache hapo.

Nisalimie Mama Jumamosi na Mjomba Jumapili.

Mjukuu wako


Tarehe 7 Aprili

Kiherehere wangu,

Salamu nyingi. Magoti yamenyamaza wiki hii, nadhani nayo yalikuwa yanasikiliza. Hoteli imeleta mapazia, mazito kama mtu aliyelala. Mfuko wa sketi Mshonaji anasema aliuacha hivyo makusudi, ni mtindo. Mimi nimemwangalia tu.

Barua yako imefanya kazi ambayo mimi nimeshindwa miaka minne. Kaa chini usome.

Mama yako alipokuja Jumamosi nilimwita Mshonaji aisome kwa sauti. Akasoma, ya vitanda, ya maharage, mama yako anachambua kucha. Kufika pale "binamu ni binamu, na tuyaache hapo", nikamsimamisha Mshonaji. Nikamwambia mama yako: "Umesikia mwanao? Alikuwa na malkia, mwenzake hana kitu, mfalme yupo pembeni kama mtoto aliyefukuzwa chakulani. Angeweza kummaliza. Akamwachia. Kombe zima kaliacha, kwa sababu binamu ni binamu."

(Mimi mshonaji nilimwambia kwamba barua haisemi hivyo. Akaniambia nishone.)

Mama yako alikaa kimya, jambo ambalo wewe mwenyewe unajua ni la kuitia daktari. Halafu machozi yakamtoka, akasingizia sabuni yangu. Akasema, "Mtoto ana moyo kuliko sisi." Nikamjibu, kuwa na moyo kuliko nyinyi wala si kazi, hata hii pasi inao.

Sikungoja Jumapili. Nilimtuma mtu amwite mjomba wako siku ile ile, nikasema friji yangu inatoa moshi. Friji yangu haijawahi kutoa moshi. Alikuja mbio na begi la vyuma, kumbe dada yake amekaa pale. Akataka kugeuka. Nikamwambia Mshonaji, soma tena. Akasoma tena. Mjomba wako alisimama na begi mkononi mpaka mwisho, kisha akaketi. Kiti cha nne, kile chenye mguu mfupi. Alikula. Aliomba chumvi, na aliyempa ni mama yako.

Chumvi, Kiherehere! Nilikwenda uani nikajifanya naanua mashuka.

Sasa wanakuja wote Jumamosi. Napika sufuria moja. Mjomba wako ameahidi kuifungua friji yangu kweli kweli, kwa kuwa ameikagua na kukuta mpira wa mlango umechoka. Na habari zako anazipeleka kila nyumba anayoingia. Ametengeneza friji ya yule mtangazaji wa redio wa asubuhi, akamsimulia wakati gesi inajaa, na kesho yake nimekusikia redioni kati ya bei ya mafuta na hali ya hewa: "Msichana aliyemhurumia binamu yake." Mtaa mzima unanipa heshima. Muuza mkaa amenipa salamu mbili.

Hongera mjukuu wangu. Jibu upesi.

Bibi yako


Tarehe 26 Aprili

Shikamoo Bibi,

Natumaini mko salama. Mimi siumwi. Nimefurahi kwa sufuria moja, nimefurahi kweli, nilisoma pale pa chumvi mara kadhaa. Kitanda bado kinalia.

Bibi, umesema nini kwenye hiyo redio? Yaani, Mjomba amesema nini?

Chama cha sataranji kimeniita. Ni marufuku mchezaji kumwachia mwenzake au kupanga naye matokeo. Huko hawaiiti huruma, wanaiita udanganyifu, na adhabu yake ni kufungiwa mwaka mzima. Baba wa mchezaji wa sita ameandika malalamiko. Anasema Taratibu angeshindwa kama ilivyotakiwa, mwanawe ndiye angekuwa wa akiba. Ameambatanisha na kile kipindi cha redio, amekirekodi. Kwa hiyo nikifungiwa, Juni siendi. Na mwaka kesho nitakuwa nimepita umri wa kundi hili, Bibi. Hakuna Juni nyingine.

Taratibu naye ameulizwa. Ameandika sentensi moja: "Muulizeni yeye." Hakunipigia Jumapili, na nilipompigia mimi hakupokea.

Wanataka nieleze kwa maandishi kilichotokea. Karatasi ninayo hapa. Sijaandika kitu. Nikinyamaza watanifungia. Nikiandika, Mama atasoma, Mjomba atasoma, halafu wewe utarudi kupika mara mbili. Usiniulize nikiandika nitaandika nini. Nakuuliza wewe tu, kama mtu mzima: ingekuwa wewe ungenyamaza?

Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tano.

Mjukuu wako

Mwalimu amenisalimia jana kwa mdomo. Ameniambia, "Shikamoo mama huruma." Darasa zima lilicheka.


Tarehe 9 Mei

Kiherehere wangu,

Leo salamu fupi. Tuko wazima. Mapazia ya hoteli yamekauka. Sikiliza.

Umeniuliza kama ningenyamaza. Mimi? Sijawahi, na mwenyewe unajua. Lakini wewe umenyamaza vizuri sana, na mimi nikaupachika mdomo wangu juu ya ukimya wako, na sasa tumefika hapa wote wawili.

Najua kilichotokea. Nilijua kabla barua yako ya kwanza haijafika. Taratibu alipita hapa siku chache baada ya mimi kukuandikia kuuliza nani alishinda, akaniuliza kama nina dakika. Nina mashuka, nikamwambia, lakini kaa. Akaenda kwa Mshonaji akaomba vifungo. Kifungo kikubwa cha koti ndiye malkia wako, kidogo cheusi cha shati ndiye mfalme wake, mfalme wako alikuwa kifungo cha suruali, niwie radhi. Akavipanga mezani juu ya kitambaa cha mirabamiraba. Akanionyesha alivyokuwa anamtembeza mfalme wake kwenda pembeni, polepole, kichwa chini, kama mtu aliyekubali yaishe. Wewe ukaja nyuma yake mbio na lile likifungo lako la koti. Hatua moja ungesimama mbali kidogo, umemmaliza. Wewe ukamsukumia mpaka uvunguni. Basi hana pa kwenda na hajapigwa. Taratibu anasema hukuangalia ubao, ulikuwa unaliangalia kombe.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mtoto yule hacheki, unamjua. Alikuwa amekutega, na alijua, na alikuja kuniambia mimi kwanza. Nami nikacheka, nikamwambia hongera.

Halafu ikaja barua yako na hayo maneno yako ya kibalozi. Binamu ni binamu! Ulikuwa unaficha kosa, nami nikaona sufuria. Niliichukua aibu yako nikaifua, nikaipiga pasi, nikamvisha mama yako kama gauni la sherehe. Sikuuliza gauni hilo ni la nani. Tangu redio iseme, Taratibu hajanijia. Alikuwa haachi kupita.

Kwa hiyo nimelivua. Usiulize kama niliogopa. Niliogopa. Lakini nina umri huu, najua kuchagua saa.

Jumamosi ya wiki iliyopita mjomba wako alikuja kubadilisha mpira wa friji yangu. Nilisubiri. Nilisubiri akafungua skrubu ya juu, akafungua ya chini, mlango mzima ukatoka, na mama yako akaitwa aushike kwa mikono miwili wakati yeye amejilaza chini na skrubu mdomoni. Hapo ndipo niliposema. Mtu aliyeshika mlango wa friji hatoki nyumbani kwa hasira.

Nikasema, "Yule mtoto hakumwachia mtu. Alikosea tu."

Mama yako akasema, "Mama, mwanangu hawezi kukosea kitu cha namna hiyo."

Mjomba wako akatema skrubu. "Nani kasema kakosea? Kategwa! Mwanangu kamtega!"

"Kamtega! Huyo mwanao anayefunga kamba za viatu mpaka basi linaondoka?"

"Huyo huyo. Na wako kwa kiherehere chake akaingia mzima mzima."

"Basi shika mlango wako mwenyewe!"

"Uachie. Uachie tu rafu ivunjike, safari hii nina mashahidi kwamba si mimi."

Mama yako hakuuachia. Wakasemezana hapo kila kitu, Kiherehere. Friji ya zamani ikatajwa, wageni wakatajwa, kile chakula kilichooza kikatajwa kwa jina na harufu. Mjomba wako akasema, kwa miaka minne kila mteja mpya anamwuliza kama yeye ndiye yule wa kubahatisha. Mama yako akasema hakujua kama lilimfuata mpaka huko. Kisha akauegemeza mlango kifuani, umeanza kumlemea. Mjomba wako akainuka akaupokea upande mmoja.

Halafu wakanigeukia mimi. "Mama, kwa hiyo ulitudanganya?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilichoka kupika mara mbili."

Wakaninunia wote wawili. Ni jambo la kwanza wamekubaliana tangu mwaka ule. Na jana, Jumamosi, wamekuja tena wote, kwa wakati mmoja, ili kuendelea kuninunia pamoja. Wamemaliza sufuria.

Kwa hiyo usijitie kubeba nyumba yangu mabegani. Nyumba yangu inagombana vizuri sasa, tena kwa sauti, tena siku moja.

Sasa yako. Nimekipelekea chama barua. Mama yako na mjomba wako wametia sahihi, mimi nimetia dole gumba. Mshonaji ameinakili hapa uione:

"Waheshimiwa wa sataranji. Mimi ni bibi wa wote wawili, wa mwenye malkia na wa asiye na kitu. Kusoma sijui, lakini kilichotokea nakijua, kwa sababu nimeonyeshwa kwa vifungo. Habari ya redioni ilianzia mdomoni mwangu, si kwa mtoto. Mjukuu wangu hakumwachia mtu. Nimemlea tangu anatambaa. Hata kwenye karata hajawahi kuniachia mimi, nami nilikuwa nimevunjika mkono, ananishikia karata zangu na huku anazichungulia. Alikuwa na haraka tu. Ana haraka tangu tumboni, alizaliwa ndani ya teksi, na mama yake ni muuguzi. Msimwadhibu kwa huruma ambayo hakuwa nayo. Mkitaka kumwadhibu mtu kwa uongo, mimi napatikana kila siku, ukuta mmoja na mshonaji."

(Nilishauri tuondoe teksi. Amekataa.)

Lakini barua yangu peke yake haitoshi. Na wewe andika yako. Neno moja tu: nilikosea. Likikukwama kooni kunywa maji, lisukume. Ulitaka dunia ikuone mtakatifu kuliko ikuone umeteleza? Mimi nimeunguza gauni la bibi harusi, tena asubuhi ya harusi yenyewe, nikalibeba na kulipeleka mlangoni nikasema, nimeunguza. Nilitukanwa, nikarudi nyumbani, nikawasha pasi. Bado nafua.

Nakupenda. Andika, usinizungushe.

Bibi yako


Tarehe 1 Juni

Shikamoo Bibi,

Salamu kwa wote wawili, na nafurahi kuwasalimia kwa mstari mmoja. Nakula. Nimeshuka kitanda cha chini.

Nimeandika. Kwanza niliandika "hali ya mchezo ilikuwa tata", nikakata. Nikaandika "kutokana na uchovu", nikakata. Mwisho ikabaki hivi: "Nilikosea. Sikuona." Nikaipeleka mbio kabla sijabadili mawazo, kwa hiyo kiherehere nacho kimenisaidia mara moja.

Waliniita. Chumba kile kile tulichochezea, meza moja, watu watatu. Wakapanga ubao, mfalme wake pembeni, malkia wangu pale alipokuwa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani kwenye kamba, akasema, "Tuonyeshe ulivyofanya." Bibi, kulifanya kosa mara ya pili ukiwa unaliona! Nilimsogeza malkia. Mkono wangu ulikuwa kama wa kuazima.

"Ulikuwa na muda kwenye saa yako?"

"Nilikuwa nao mwingi."

"Ulitumia kiasi gani kufikiri?"

"Sikuutumia."

Mzee wa kushoto akaufunika mdomo kwa karatasi. Kisha mwenyekiti akasoma barua yako, yote. Kufika kwenye teksi yule mzee akauliza kama na hiyo iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti akasema iingie. Nilitamani sakafu inimeze, na wakati huo huo nilikuwa nacheka, sijui kama umewahi kuona.

Hawakunifungia. Waliandika kwamba ni uzembe, si udanganyifu. Uzembe, Bibi, kwa mhuri. Mwalimu ameichora ile hali ya mchezo kwenye karatasi kubwa na kuibandika mlangoni mwa chumba cha mazoezi, na chini ameandika "Angalia kabla ya kugusa". Napita hapo kila siku. Lakini ananiitikia salamu sasa.

Kuna jambo sikulifikiria. Taratibu alinipigia Jumapili, baada ya kikao. Hakunisalimia. Alisema, "Ulinyamaza." Nikamwambia niliona aibu. Akasema, "Wewe uliona aibu ya kukosea. Mimi nilitembea mitaani miezi miwili nikiwa yule aliyehurumiwa. Ule ndio mchezo wangu bora kuliko yote niliyowahi kucheza, na mlininyang'anya, wewe na Bibi." Nilimwomba msamaha. Alifikiria kwanza. Unamjua, nilisikia mpaka jogoo wa huko kwao anawika kwenye simu. Kisha akasema sawa, ila atanilipiza mezani.

Na hiyo nafasi ameipata. Mmoja wa wale wanne amevunjika mguu akicheza mpira, kwa hiyo Taratibu ameingia. Orodha imetoka leo. Raundi ya kwanza, mimi na yeye.

Mjukuu wako, mzembe kwa mhuri


Tarehe 12 Juni

Kiherehere wangu,

Habari za maandalizi? Hapa wote wazima. Friji inafanya kazi, mama yako anasema inapiga kelele, mjomba wako anasema hizo ni kelele za afya.

Taratibu amekuja. Nilimpikia, nikamwambia mimi ndiye niliyemnyang'anya. Akasema, "Najua Bibi." Akala akaongeza. Kisha akaomba tena vifungo, akanifundisha mchezo wote tangu mwanzo, kwa sababu anasema mtu asiyejua mchezo asiusimulie redioni. Ni kweli. Sasa nacheza na Mshonaji jioni, kazi ikiisha.

Tunakuja. Mjomba wako ametoa vyuma kwenye gari lake, mama yako ameomba ruhusa wodini. Wameshaanza kugombania nani akae mbele, nimewaambia mbele nakaa mimi. Wanasema tukifika wao watakaa upande upande, kila mmoja nyuma ya mwanawe. Mimi nitakaa katikati, na msinitazame mkidhani nina upande.

Ila nasema haya na nitayasema kwa Taratibu vile vile. Mpige. Kama huwezi, pigwa. Mkimaliza nataka mmoja wenu awe analia na mwingine anajidai, nami nitajua pa kupeleka leso. Sitaki kusikia binamu ni binamu. Mtakuwa mabinamu mezani, wakati wa kula.

Na ukimfukuza mpaka pembeni, simama. Kalia mikono yako. Angalia kwanza huyo mtu ana pa kwenda.

Bibi yako

Nyongeza ya mshonaji: Bibi ameenda kuangalia pasi, kwa hiyo naandika haraka. Alhamisi alinimaliza kete zote, nikabaki na mfalme peke yake. Akanifukuza na kifungo cha koti mpaka pembeni mwa meza, akanisukumia uvunguni, na mchezo ukaishia hapo. Nilimwonyesha. Alikitazama kitambaa muda mrefu, akavikusanya vifungo, akasema alinihurumia.